Jinsi ya kumpeleka ndugu yako methadoni hapa Dar bila ARV zake kuachwa njiani

Naandika hii kwa ajili ya dada, mama, mjomba, yeyote ambae mtu wake yupo maskani anatumia unga, yaani heroini, na yeye hajui aanzie wapi, na hasa yule ambae mtu wake ana unga na VVU kwa pamoja, maana mdogo wangu alikua hivo hivo na miaka ile hakuna mtu alienikalisha chini akanieleza, nilijifunza huku nalia na pesa zimeisha. Kuna kitu kimoja nataka ukishike kuliko vyote: methadoni, ile dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa unga, na ARV ni dawa mbili ila tiba ni moja. Ukimshikia moja ukaiacha nyingine ikining'inia, zote mbili zinaanguka.

Mwanzo kabisa, usimfunge kamba, usimfungie chumbani siku saba ukasema sumu itatoka. Itatoka kweli, arosto, yale mateso ya kukosa unga, itampiga, mafua, machozi, miayo, tumbo linakata, anaharisha, mifupa inauma mpaka analia kama mtoto, alafu siku ya nane ya kumi anaonekana mzima mnashukuru Mungu. Shida inaanzia hapo. Mwili umeshasahau kile kiwango alichokua anapiga ila kichwa hakijasahau, siku akirudi akapiga kete zile zile za zamani anakufa pale pale. Wengi tuliowazika mtaani walikua "wameshaacha". Ndio maana hata anaetoka soba hausi, zile nyumba za kuachia unga, au jela mi nawaambia ndugu zake wiki ya kwanza msimuache peke yake.

Methadoni inafanya kazi tofauti. Nayo ni jamii moja na heroini, hilo usifichwe, ila inaingia taratibu inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwaiyo mtu hapandi akashuka, hapati arosto, anaamka asubuhi akili yake iko kwenye chai na kibarua badala ya kutafuta mtu wa kumuibia simu. Sio dawa ya majaribio kama baadhi wanavosema vijiweni. Madaktari wawili, Dole na Nyswander, walionyesha New York mwaka 1965 kwamba mtu akipewa kila siku anaweza kuishi maisha yake kawaida, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa kwetu kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala 2012, Temeke 2014, na sa hivi zipo mpaka mikoani. Dawa ni bure. Ukiambiwa toa hela ya dawa, hapo ujue unaongea na tapeli.

Namna ya kuingia: njia rahisi ni kupitia waelimishaji rika, wale vijana wa asasi wanaopita maskani, wengi wao wenyewe walikua mateja na wanajua kuongea na mtu akawasikiliza. Muulize mtu wako, atakua anawajua. Wao wanamuandikisha, wanampa elimu, wanampeleka. Kama huwaoni nenda mwenyewe na ndugu yako kliniki iliyo karibu uulize utaratibu wao, mara nyingi watataka ndugu wa kusimama nae, na hapo ndio unaingia wewe. Angalia sana suala la umbali. Dawa kwa kawaida inanywewa pale pale mbele ya nesi, kila siku, jumapili na sikukuu zimo, sasa mtu anakaa Mbagala ukimuandikisha Mwananyamala kisa huko una shemeji anafanya kazi, miezi miwili tu nauli itamshinda. Wa Mbagala aende Temeke. Panga nauli ya mwezi mzima kabla hajaanza na kama hapo nyumbani hamaminiani na hela bado, mpe ya siku kwa siku au msindikize, sio aibu.

Siku ya kwanza kuna maswali mengi na vipimo: mkojo, VVU, homa ya ini, TB, na mwanamke anapimwa mimba. Mwambie ajibu ukweli wote, anatumia nini, anajidunga au anavuta kokteli, ile sigara ya unga na bangi, anakunywa pombe, anameza valiumu. Hii ya pombe na valiumu usiipuuze hata kidogo. Methadoni ikichanganyika na vitu vya kulevya namna hiyo mtu analala anakoroma alafu anaacha kupumua.

Dozi ya kwanza inakua ndogo, kawaida miligramu 20 mpaka 30, na hapa ndio familia nyingi zinavuruga. Jamaa anarudi jioni analalamika dawa haifanyi kazi, anaongezea kete moja juu yake. Methadoni inafika kileleni masaa mawili mpaka manne baada ya kunywa, na kila siku inajirundika juu ya ile ya jana, kwaiyo wiki mbili za mwanzo ndio za hatari kuliko zote, ukae nae karibu. Ukimkuta anakoroma kwa sauti ya ajabu, mboni za macho zimekua kama ncha ya pini, midomo inaenda bluu, usimmwagie maziwa mdomoni na usimuache "alale apumzike", mlaze ubavu, ita watu, hospitali haraka, kuna dawa inaitwa naloksoni inamrudisha. Na akishaonekana ameamka bado abaki hospitali, maana naloksoni inaisha mapema kuliko methadoni.

Baada ya hapo dozi inapandishwa pole pole, wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Ndugu wakisikia namba inapanda wanapiga kelele "wanamuongezea ulevi", wanamshawishi aombe kupunguziwa, jamani msifanye hivo. Wataalamu walifuatilia wateja wa hapa hapa Dar wakakuta wenye dozi ndogo ndio waliokua wanapotea kliniki zaidi, wenye dozi ya kutosha wanabaki. Na yale maumivu ya mifupa ambayo watu wanasema methadoni inaozesha mifupa, mara nyingi ni arosto inachungulia kwa sababu dozi haijatosha. Kufunga choo na kutoka jasho ndio kweli inaleta, ale matunda, anywe maji, aseme kwa nesi.

Sasa tuje kwenye VVU. Kuna tafiti zilijumlishwa pamoja mwaka 2012 zikaonyesha wanaojidunga wakiwa kwenye tiba kama ya methadoni hatari ya kupata VVU inashuka kwa 54%, zaidi ya nusu, kwa sababu mtu hachangii tena bomba la sindano. Na hapa Dar kulikua na ile tabia ambayo watafiti waliiandika 2005, mtu anajidunga alafu anavuta damu yake kwenye bomba anampa mwenzie mwenye arosto ajidunge hiyo damu eti apate nafuu. Nieleze nini zaidi. Kwa wenye VVU tayari, kuna utafiti mkubwa, HPTN 074, ulifanyika Indonesia, Ukraine na Vietnam, majibu yakatoka 2018: wanaojidunga waliposaidiwa na mtu wa kuwashika mkono na kuwaelekeza kwenye ARV na tiba ya uraibu kwa pamoja, wengi zaidi walikua kwenye dawa na vifo vilikua vichache kuliko wale walioachiwa wajitafutie. Mtu wa kushika mkono, ndugu yangu, huyo unaweza kua wewe.

Ila ujue dawa zenyewe zinagombana. Mdogo wangu alianza methadoni 2013, akatulia kwenye 70, akaanza kunenepa, akapata kazi ya kubeba mizigo sokoni. Akapimwa akakutwa na VVU, akaanzishiwa ARV kwenye kliniki nyingine, sio pale anapokunywa methadoni. Wiki moja na nusu tu jioni anaanza kutetemeka, miayo, jasho, usiku halali. Nyumbani tukasema huyu karudi kwenye unga. Mimi mwenyewe nilimsachi mifuko. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naumia. Kumbe kwenye zile ARV kulikua na efavirenzi, nayo inalifanya ini lichome methadoni haraka, inaweza kuondoa karibu nusu yake, kwaiyo alikua anakunywa 70 ila mwilini ni kama kapewa 35. Yeye nae kwa akili yake akagundua siku asipomeza zile vidonge za usiku anajisikia nafuu, akaziacha kimya kimya miezi mitatu. CTC, yaani kliniki ya ARV, hawakumuuliza kama yupo methadoni, kliniki ya methadoni nako hakusema kama kaanza ARV, na mimi sikuuliza popote. Daktari mmoja ndio alikuja kuunganisha, akampandisha mpaka 110 na ARV zikarudi.

Siku hizi wengi wanapewa vidonge vyenye dolutegraviri ambayo haigombani na methadoni, hilo limetupunguzia mengi. Ila kagua, angalia jina kwenye kopo, usikae kwa kudhani. Na akiugua TB mgogoro unarudi ule ule, rifampisini, ile inayogeuza mkojo rangi ya chungwa, inaangusha methadoni vibaya sana na inaangusha pia dolutegraviri, kwaiyo anatakiwa aongezewe methadoni na dolutegraviri anameza mara mbili kwa siku badala ya moja. Alafu kitu ambacho wengi wanasahau: miezi sita ikiisha, TB imepona, rifampisini imesimamishwa, ini linarudi kufanya kazi taratibu na ile dozi kubwa ya methadoni sasa inakua nyingi mno, mtu anaanza kusinzia sinzia mchana. Waambie kliniki siku ile ile anayomaliza dawa za TB. Flukonazoli nayo, inayotolewa kwa fangasi, inapandisha methadoni juu, na vidonge vingi vya kifafa vinaishusha.

Kwaiyo fanya hivi, nunua kidaftari cha shule, andika kila dawa anayomeza, dozi na tarehe aliyoanza, na kidaftari hicho kiende kila dirisha analokwenda, methadoni, CTC, TB, hata duka la dawa. Uliza pale kliniki ya methadoni kama ARV anaweza kupewa hapo hapo, maana Muhimbili walishafanyia kazi kuziweka pamoja na inamuokoa mtu safari mbili. Kama inawezekana, zote ameze wakati mmoja asubuhi. Na ukaulize majibu ya wingi wa virusi, usiishie kwenye "anameza". Virusi vikishuka mpaka havionekani hamuambukizi mwenza wake kwa kujamiiana, ila kwa bomba la kuchangia hiyo ahadi haipo, bomba ni lake peke yake au hakuna bomba.

Kwa dada zetu neno moja. Wapo wachache kliniki kwa sababu aibu yao inakua mara mbili. Akiwa mjamzito asiache methadoni ghafla, arosto inaweza kumtoa mimba, aendelee na ARV pia, aseme kliniki ya wajawazito, na miezi ya mwisho dozi inaweza kuhitaji kupanda. Mtoto akizaliwa anaweza kusumbuka siku chache, inatibika hospitali, na kunyonyesha ananyonyesha akiwa anafuata maelekezo ya ARV.

Mambo ya kuruka siku: akikosa siku moja aende kesho yake, akikosa tatu mfululizo atapimwa upya na dozi itashushwa, sio adhabu, ni kwamba mwili umeshapunguza uvumilivu wa dawa, dozi ile ya zamani inaweza kumzidi. Ramadhani ikikaribia aongee na nesi mapema kuhusu saa za kunywa, asiamue kuruka mwenyewe. Akikamatwa na polisi, kimbia kliniki ukawaambie siku hiyo hiyo. Na msiba wa mkoani, huu ndio unaotuangushia watu wengi, simu inaingia saa nne usiku bibi kafariki Tanga, alfajiri watu washapanda basi na ARV zimebaki juu ya kabati. Kabla hamjakata tiketi mpitishe kliniki ya methadoni, wana namna ya kumpangia au kuwasiliana na kliniki ya huko anakoenda, na kopo la ARV likae kwenye mkoba wako wewe.