Jinsi ya kuisikiliza ABC ya Jackson 5 mpaka uwasikie wote watano

Watu wengi wakiweka ABC wanamsikia Michael tu, na siwalaumu kabisa, dogo alikuwa na miaka 11 na sauti ile ikiingia sikioni hutaki hata kujua nani mwingine yupo. Lakini hii ni albamu ya ndugu watano jamani, Jackie, Tito, Jermaine, Marlon na Michael, watoto wa mji wa Gary kule Indiana, Marekani, ambao mzee wao alikuwa anapiga kazi kiwanda cha chuma, na ukimfuata mmoja tu unaacha nyama kwenye sufuria. Mimi nimeimba kwaya sauti ya tatu miaka mingi kwa hiyo sikio langu limezoea kuwatafuta waliosimama nyuma, ngoja nikuelekeze ninavyofanya.

Tafuta hedfoni kwanza. Spika ya simu inakula besi yote na hii albamu bila besi ni kama chai bila majani. Halafu hakikisha umepata albamu yenyewe, ile ya Mei 1970 yenye nyimbo 12, usichukue mkusanyiko wa hiti maana huko utakuta "ABC" na "The Love You Save" basi, nyingi ya zile nyingine ambazo ndo utamu wenyewe hazipo. Haifiki dakika 40, kaa chini uisikilize, usiiweke huku unaosha vyombo.

Kabla hujaianza piga "I Want You Back" mara moja, iko kwenye albamu yao ya kwanza ya Desemba 1969. Nina sababu. Watunzi wa hizi ngoma ni timu ya kampuni ya muziki ya Motown iliyojiita The Corporation, yaani Berry Gordy mwenyewe mwenye kampuni pamoja na Freddie Perren, Alphonso Mizell na Deke Richards, na wimbo wa "ABC" waliujenga juu ya kodi (chords) za kiitikio cha "I Want You Back". Sasa piga huu halafu piga ule bila kupumzika, utasikia ni damu moja, na hapo sikio linakuwa limeshaamka.

Mara ya kwanza msikilize Michael, maliza hamu. Mara ya pili achana na waimbaji wote, shika besi tu. Kwenye "ABC" anayepiga ni Wilton Felder, na huyu bwana kazi iliyompa jina ni saksofoni, alikuwa na bendi ya jazz ya The Crusaders, labda ndo maana besi yake inaongea kama mtu anayeimba, haikai sehemu moja, inapanda inashuka inamjibu Michael. Jukwaani Jermaine ndo alikuwa anashika besi na Tito gitaa, ila studio kule Los Angeles Motown walitumia wapigaji wazoefu.

Mara ya tatu sasa ndo shughuli yenyewe, na hapa anza na "The Love You Save" ambayo ndo inafungua albamu. Michael anamlalamikia binti anayezungukwa na wavulana, na majina ya hao wavulana yasikilize vizuri, Isaac yuko chini ya mti wa tufaha, Benjie anashika mkono anasikia umeme, Alexander anapiga simu, Christopher anagundua, yaani Newton, Franklin, Bell na Columbus, wale wa kwenye vitabu vya shule, wote wamegeuzwa wavulana wa mtaani! Mimi nilikuja kulishtukia hilo baada ya kuusikia wimbo mara nyingi sana. Ila usinogewe ukawasahau ndugu nyuma. Kuna mahali neno stop linatajwa herufi moja moja na kila herufi ina maana yake, rudisha hapo mara tatu nne, sikiliza sauti zinavyopokezana. Na ile sauti nyembamba ya juu usidhani ni ya mdogo, Jackie ndo kaka mkubwa kuliko wote na ndo mwenye sauti ya tenor ya juu.

Ukishampata Jackie ruka mpaka wimbo wa 11, "I Found That Girl". Humo anayeongoza ni Jermaine, sauti tulivu, yenye joto, kwangu mimi ni wimbo ambao watu wameuonea sana. Ukishaijua sauti yake pale, rudi mwanzo wa albamu, utamkuta kila kona.

"2-4-6-8" mimi naiona wanajaribu kurudia "ABC" na haifiki, ukiiruka sikugombezi. Ambayo usiruke ni zile walizochukua kwa wengine, na hizi zisikilize mbili mbili, ya mwenyewe kwanza halafu ya kwao. "La-La (Means I Love You)" ni ya The Delfonics ya mwaka 1968, "I'll Bet You" ni ya Funkadelic, nzito, yenye giza fulani, na watoto wanaibeba bila kuogopa. Halafu "Don't Know Why I Love You" ya Stevie Wonder. Hapa zima taa. Mtoto wa miaka 11 analia mapenzi yaliyomshinda na unamwamini, mpaka leo sijui aliyatoa wapi.

Mwisho imbeni. Sisi nyumbani tukikutana dada yangu anachukua ya Jackie, mimi na kaka tunagawana za katikati, na Michael tunampa mtoto mdogo kuliko wote aliyepo siku hiyo, hata kama maneno hayajui anajaza na la la la, na ukifika pale pa herufi kila mtu anadaka yake.