Chanjo ya mafua kabla ya safari ya Kigoma: mwongozo kwa tulio ughaibuni

Katika Kiswahili chetu neno mafua limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Kamasi za asubuhi za mtoto anayekwenda shule tunaziita mafua, na ugonjwa unaomlaza mtu mzima wiki nzima, akitetemeka kwa homa na kushindwa hata kugeuka kitandani kwa maumivu ya viungo, nao tunauita mafua. Kwa hiyo mtu wa Kigoma aliyehamia Leeds, Toronto au Muscat anapopata ujumbe wa kuitwa kliniki kwa ajili ya chanjo ya mafua, jambo la kwanza analojiuliza ni iwapo mafua nayo ni ya kuchanjiwa. Tulikulia Ujiji, Gungu na Mwanga tukiugua mafua na kupona kwa tangawizi, mchaichai na kujifukiza chini ya blanketi. Chanjo tulizozijua zilikuwa za kifua kikuu, polio, surua na pepopunda.

Mafua yanayokusudiwa katika ujumbe huo ni influenza, ambayo wauguzi wetu huiita pia homa ya mafua, nayo husababishwa na virusi vya aina yake, tofauti na vile vya mafua ya kawaida. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu wapatao bilioni 1 huambukizwa, milioni 3 hadi 5 kati yao huugua vikali, na watu 290,000 hadi 650,000 hufariki kwa matatizo ya upumuaji yatokanayo nayo. Wengi wa wanaofariki ni wazee, watoto wadogo na watu wenye maradhi mengine. Kijana mwenye afya kwa kawaida huumwa siku chache, akabaki na uchovu na kikohozi kwa wiki moja au mbili zaidi, kisha akarudi kazini.

Kwa sababu hiyo vijana wengi huona kwamba jambo hili haliwahusu, na mimi niliona hivyo kwa miaka minne. Mwaka wa tano nilisafiri kwenda nyumbani Disemba nikiwa na koo linalowasha, nikadhani ni baridi ya uwanja wa ndege. Kutoka Dar es Salaam nilichukua treni ya Reli ya Kati, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na kabla hatujafika Tabora homa ilikuwa imenipanda kiasi kwamba mama mmoja wa behewa letu alinifunika kanga yake. Treni iliposimama Tabora alininunulia chupa ya asali dirishani, akakataa pesa yangu. Nilifika Mwanga nikapokelewa kama tunavyopokelewa sote, kwa kukumbatiwa na kushikwa mikono na ukoo mzima, na jioni ile tukakaa mkekani kula ugali wa muhogo na mgebuka kutoka sinia moja. Siku ya tatu mpwa wangu alipata homa, na siku ya nne mama yangu, mwenye kisukari na umri wa miaka sabini na moja, hakuweza kuamka kwa ajili ya swala ya alfajiri. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kifua chake kiliingia nimonia, akalazwa siku tisa, na mapumziko yangu yote yakaishia kwenye benchi la wodi. Alipona, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo nimeacha kuipima chanjo hii kwa afya yangu peke yangu. Anayetarajia kurudi nyumbani anapaswa kuwahesabu pia watu watakaomkumbatia akifika.

Sasa tuiangalie chanjo yenyewe, maana uamuzi mzuri hauwezi kujengwa juu ya matumaini yaliyopitiliza. Virusi vya influenza hubadilika kila mara, na kinga tuliyoipata mwaka jana hupungua, kwa hiyo chanjo hutengenezwa upya na kutolewa kila mwaka. Wataalamu wanaoitwa na Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka: Februari kwa ajili ya msimu wa kaskazini mwa dunia, na Septemba kwa ajili ya kusini, wakachagua aina za virusi zitakazowekwa katika chanjo. Kazi ya kuitengeneza huchukua takriban miezi sita, na katika muda huo virusi vinaweza kugeuka vikaenda mbali na vile vilivyochaguliwa. Ndiyo maana miaka mingine chanjo hukinga vizuri na miaka mingine hukinga kidogo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba katika misimu ambayo chanjo imelingana vyema na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua kiasi cha kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Anayekuambia kwamba alichanjwa na bado akaumwa huenda anasema kweli tupu, na jibu lake ni kwamba aliyechanjwa akiugua, mara nyingi ugonjwa huwa mwepesi na uwezekano wa kulazwa hupungua. Kwangu mimi hilo linatosha kuifanya chanjo iwe na thamani, hasa katika nyumba yenye mzee.

Kuna watu ambao sioni sababu ya wao kusitasita: mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, figo au ini, anayeishi na virusi vya UKIMWI, na mwenye selimundu (sickle cell). Hili la selimundu nalisisitiza kwa sababu lipo sana katika koo zetu, na wapo wazazi walioko nje ambao huwahisha watoto wao hospitali kila maumivu yanapoanza lakini hawajawahi kuambiwa kwamba mtoto huyo yumo katika kundi la kupewa chanjo ya mafua mapema. Dada mjamzito naye yumo, katika mwezi wowote wa mimba, kwani influenza humwelemea mjamzito kuliko wanawake wengine, na kinga anayoipata humfikia mtoto aliye tumboni. Mtoto huyo akizaliwa hawezi kuchanjwa mpaka afikishe miezi sita, kwa hiyo kinga ya mama yake ndiyo aliyo nayo. Na kama wewe ni mmoja wa ndugu zetu wengi wanaofanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani au katika vituo, mwulize mwajiri wako, kwani mara nyingi chanjo hutolewa kazini bila malipo.

Maneno yanayosemwa kwenye makundi ya WhatsApp yanastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu wanaoyasema ni shangazi na kaka zetu wanaotutakia heri. Wanasema sindano ndiyo inayoleta mafua. Chanjo ya sindano haina kirusi kilicho hai, hivyo haiwezi kuambukiza. Kinachowapata watu ni mkono kuuma, pengine homa ndogo na mwili mzito kwa siku moja au mbili, nao ni mwili unaojifunza kumtambua adui. Kinga huhitaji takriban wiki mbili kukamilika, na mtu aliyechanjwa Jumatatu akaambukizwa kwenye basi Jumatano ataugua na kuilaumu sindano. Madhara makubwa yapo, lakini ni nadra: mzio mkali, ambao kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache ukiwa bado kliniki, na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré, ambao pale ulipohusishwa na chanjo hii ulikadiriwa kuongezeka kwa mtu mmoja au wawili katika dozi milioni moja. Aliyewahi kupata mojawapo ya hayo baada ya chanjo ya mafua azungumze na daktari kwanza. Mwenye homa kali siku ya miadi asubiri ipoe. Mzio wa mayai, uliokuwa kizuizi zamani, leo hauwazuii wengi, lakini utaje.

Suala la nguruwe linahitaji maelezo ya kutosha, kwa kuwa Ujiji na Tabora ni miji yenye Waislamu wengi na nimewaona wazazi wakikataa chanjo yote kwa sababu ya sehemu yake moja. Uingereza huwapa watoto wengi chanjo ya kupuliziwa puani, na hiyo ndiyo yenye jelatini itokanayo na nguruwe. Fomu inayoletwa nyumbani kutoka shuleni isirudishwe na neno la kukataa tu: mzazi anaweza kuomba mtoto apewe chanjo ya sindano isiyo na jelatini, na shule au kliniki huwa imezoea ombi hilo. Katika nchi nyingine, mwombe mfamasia karatasi ya viambato, uisome mbele yake. Chanjo ya puani hubeba virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haifai kwa mjamzito wala kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana. Hao hupewa sindano. Mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huenda akahitaji dozi mbili zilizopishana kwa wiki nne, jambo linalomtaka mzazi aanze mapema.

Kuhusu wakati, walioko Ulaya, Marekani, Kanada na nchi za Ghuba wachanjwe Septemba au Oktoba, na aliyechelewa asikate tamaa, maana virusi huweza kuendelea kuzunguka hadi Mei. Walioko Afrika Kusini na Australia majira yao yako kinyume, na chanjo yao hutolewa kuanzia Machi au Aprili. Anayesafiri kwenda Kigoma tarehe 15 Disemba awe amechanjwa kabla ya mwisho wa Novemba, ili zile wiki mbili zikamilike kabla hajaketi saa nyingi ndani ya ndege iliyojaa. Chanjo hii haidaiwi mpakani na wala haichukui nafasi ya ile ya homa ya manjano.

Gharama isikutishe kabla hujauliza. Uingereza huitoa bure kwa makundi niliyoyataja, na wengine huinunua katika duka la dawa. Huko England kujiandikisha kwa daktari wa familia hakudai kuonyesha hati za uhamiaji, na ndugu asiye na makaratasi kamili asijinyime huduma kwa hofu. Marekani, aliye na bima aulize iwapo atalipiwa yote, na asiye na bima aende idara ya afya ya kaunti yake, ambako mara nyingi ipo kwa bei nafuu.

Hata aliyechanjwa anaweza kufika nyumbani akiwa na homa, na hapa nakuomba usome kwa makini, kwa kuwa Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini. Aliyekaa nje miaka kadhaa hupungukiwa na ile kinga ya malaria aliyokua nayo, na dalili za mwanzo za malaria na influenza hufanana mno: homa, baridi, kichwa na viungo kuuma. Usijitibu kwa kukisia. Pima malaria siku hiyo hiyo, na ukirudi ughaibuni ukapata homa mwambie daktari umetoka wapi, maana yeye atafikiria mafua peke yake. Dawa za antibayotiki haziui virusi, na zile za kupambana na influenza, kama oseltamivir, hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zitokee. Asali ya Tabora hutuliza kikohozi, ila usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa, au mtoto anayekataa kunywa apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Na ukianza kuumwa kabla ya kufika, piga simu ukiwa bado njiani, uombe utengewe chumba na sahani yako peke yako kwa siku chache. Nilipofanya hivyo mara ya mwisho, kwa mafua madogo tu, mama aliniwekea kiti kibarazani, akaketi yeye kwenye kizingiti cha mlango, na tukaongea hivyo kwa siku tatu. Siku ya nne alinivutia mkekani mwenyewe.