SOMO: Logo inayokubali kukuzwa, kuanzia muhuri hadi bango la barabarani

Wakuu, kila wiki naletewa jambo lilelile inbox: logo ya JPG iliyopitia WhatsApp mara nne, na ombi, "nisaidie kuisafisha, fundi wa mabango anasema inatoka na ukungu." Nimejibu mpaka nimechoka. Naandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

Kwanza, kwa nini inaharibika. JPG na PNG ni vidoti vya rangi (pikseli) vyenye idadi maalumu. Picha yenye upana wa pikseli 500, ikichapwa kwa vidoti 300 kwa inchi, inakupa sentimita 4 na kidogo tu. Bango la mita 3, hata ukishusha hadi vidoti 72 kwa sababu linatazamwa kwa mbali, linataka pikseli zaidi ya 8,500. Hizo pikseli hazipo kwenye faili lako. Vekta haihifadhi vidoti, inahifadhi maelezo ya umbo: mstari uanzie hapa, upinde hivi, uishie pale. Kompyuta inalichora upya kwa ukubwa wowote utakaotaka.

Kuchora vekta, programu ya Inkscape ni ya bure na inatosha kabisa. CorelDRAW ndiyo utakayoikuta kwa mafundi wengi wa mabango. Illustrator ni nzuri pia, ila inalipiwa.

Hatua ya 1. Muulize mteja logo itakaa wapi: muhuri, risiti, kofia, tisheti, bajaji, bango.

Hatua ya 2. Chora kwa penseli kwanza. Michoro ishirini, si miwili.

Hatua ya 3. Ukihamia kwenye kompyuta, chora kwa nyeusi tupu. Muhuri una wino mmoja, na risiti ya mashine ya EFD ni nyeusi tu. Kama sehemu mbili za logo zinatofautishwa na rangi peke yake, kwenye muhuri zitakuwa doa moja.

Hatua ya 4. Chagua fonti (mtindo wa herufi) yenye leseni ya biashara. Nyingi za kupakua bure zimeandikwa kwamba ni za matumizi binafsi.

Hatua ya 5. Geuza mistari na maandishi yote kuwa maumbo. Hapa naomba mtulie, maana hapa niliwahi kumharibia mtu kazi. Mteja wangu Mwanza alikuwa na duka la zana za uvuvi, nikamchorea samaki ndani ya wavu. Wavu niliuchora kwa mistari ya milimita 1, logo nzima ikiwa na upana wa sentimita 10. Kwenye skrini ilipendeza, mteja akalipa. Fundi akaikuza hadi mita 3. Mistari ilipaswa kuwa na unene wa sentimita 3, lakini ilibaki na milimita 1 ileile, kwa sababu programu ilikuwa inakuza umbo bila kukuza unene wa mstari. Bango likapandishwa likiwa na samaki anayeelea peke yake; kutoka ng'ambo ya barabara wavu hauonekani. Kwenye muhuri ikawa kinyume: logo imepungua hadi sentimita 2.5, mistari bado ni milimita 1, matundu ya wavu yameziba na samaki amemezwa na wino. Nililipia bango la pili mfukoni mwangu, na bado naumia nikikumbuka mteja alivyonyamaza siku ile.

Kwa hiyo: kwenye Inkscape chagua mistari yako yote na ubonyeze Ctrl+Alt+C. Maandishi ni Ctrl+Shift+C. Kwenye CorelDRAW mistari ni Ctrl+Shift+Q na maandishi Ctrl+Q. MUHIMU: fanya hivyo kwenye nakala. Ukishageuza maandishi huwezi kuyahariri tena, na mteja atakuja kubadilisha herufi moja, hakuna namna. Tunza faili mbili, ya kuhariri na ya kupeleka kwa fundi. Usipogeuza maandishi, na fundi hana fonti yako, kompyuta yake itaweka nyingine bila kukuuliza. Kabla ya kutuma, punguza kazi hadi sentimita 2, kisha ikuze hadi mita 3, uangalie unene wa mistari. Ni dakika moja tu.

Hatua ya 6. Rangi. Skrini inatumia RGB (mwanga mwekundu, kijani na buluu), wino ni CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi). Kijani na buluu kali za skrini zikichapwa zinafifia, kwa hiyo chapa kipande kidogo mteja akione kabla ya kulipa. Andika namba za rangi, usiseme "kijani kile."

Hatua ya 7. Chapa logo kwa upana wa sentimita moja na nusu, itazame ukiwa umenyoosha mkono. Kisichosomeka, kiondoe. Kwa muhuri tengeneza toleo jepesi. Wavu wangu wa sasa una matundu tisa tu.

Hatua ya 8. Mkabidhi mteja SVG (faili la vekta), PDF, na PNG isiyo na mandharinyuma. Mtumie kwa barua pepe au flashi. WhatsApp ukiitumia, tuma kama dokumenti.

MASWALI

Kijana_Ilala: Mkuu, nimetengeneza kwa Photoshop. Nikihifadhi PDF si inakuwa vekta?

Jibu: Hapana. Picha ukiitia ndani ya PDF inabaki picha.

Fundi Stika: Si sahihi kabisa. Maandishi na maumbo ya Photoshop yanaweza kubaki vekta kwenye PDF.

Jibu: Ni kweli, kama hayajageuzwa kuwa pikseli. Lakini faili za Photoshop ninazoletewa zote zimeshageuzwa pikseli, ndiyo maana nimejibu hivyo. Sibadilishi ushauri: usianzie humo.

Bosi Mtarajiwa: Naomba unitengenezee moja fasta, jina la duka nakutumia inbox.

Jibu: Huu uzi ni wa somo. Hatua ya 1 hadi ya 8 ziko juu.

Dada Famasia: Kaka, asante sana. Nafungua duka la dawa Tanga, nataka msalaba mwekundu kwenye mandhari nyeupe. Utakaa vizuri kwenye muhuri?

Jibu: Dada, nimefurahi umeuliza mapema. Msalaba mwekundu kwenye mandhari nyeupe unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Ni alama ya huduma za tiba za majeshi na ya Msalaba Mwekundu, na biashara binafsi hairuhusiwi kuutumia, hata kama imezoeleka mitaani. Maduka ya dawa nchi nyingi hutumia msalaba wa kijani. Ila misalaba ya kijani ni mingi, hautakutofautisha na jirani. Fikiria kinu na mchi, au jani, au herufi ya kwanza ya jina lako. Kwenye muhuri acha nafasi ya angalau nusu milimita kati ya kipande na kipande, wino unasambaa. Ukichora hata kwa kalamu, weka hapa tukutazamie.

Mkulima Digitali: Nikishasajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), logo nayo imelindwa?

Jibu: Hapana. Logo inasajiliwa peke yake kama alama ya biashara, hapohapo BRELA. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10. Zanzibar ni usajili tofauti, kupitia BPRA, wakala wao wa usajili. Na kama umechukua kiolezo cha Canva, masharti yao wenyewe hayakuruhusu kukisajili, kwa sababu kila mtu anakitumia.

Mama Cherehani: Nyongeza kutoka kwa mtarizi. Herufi zenye kimo chini ya milimita 5 msituletee kwenye kofia, uzi unazifunga. Na rangi zinazofifia taratibu kutoka moja kwenda nyingine mashine haziwezi vizuri.

Jibu: Mama, asante, hili sikuliandika. Wanaochapa tisheti kwa skrini pia: kila rangi ni fremu yake na gharama yake. Rangi mbili zinatosha.

Kijana_Ilala: Nimerudi, nimechora upya kwa Inkscape. Nimebonyeza Ctrl+Alt+C, mstari umekuwa umbo ila kwenye kona kuna nundu.

Jibu: Safi sana, umefanya kazi. Nundu ni nukta zilizozidi, zile zinazoshika umbo la mstari. Chagua umbo, bonyeza Ctrl+L mara moja tu. Ukirudia kona zinayeyuka. Zikibaki, bonyeza N ufute nukta moja moja kwa mkono. Weka picha ya hiyo kona hapa niione.