Kupanda Kahuzi kutoka Bukavu: wingu lisikutangulie

Mimi ni mshonaji hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kila kiangazi kikikaribia wateja wananiuliza yale yale kuhusu kupanda mlima Kahuzi, basi nayaandika hapa.

Kilele kiko mita 3,308. Si urefu wa kutisha, maana sisi wenyewe Bukavu tunaishi kwenye mita 1,500 hivi. Kinachowashinda watu ni saa na tope. Asubuhi mlima uko wazi, mchana umeshajifunika, na ukifika juu umechelewa hutaona ziwa wala chochote. Panga kila kitu kwa kufuata saa.

Kabla ya yote, ulizeni kwenye ofisi ya hifadhi kama njia iko wazi wiki hiyo hiyo mnayotaka kwenda. Usimsikilize rafiki aliyepanda zamani. Hali ya usalama huku inabadilika, na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambamo mlima huu umo, iliyoanzishwa 1970, iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Hakuna kupanda peke yako. Mnakwenda na walinzi. Kama malipo ni ya dola, chukua noti safi. Nguo iliyochanika naishona, noti ya dola hapana, na huku hakuna atakayeipokea.

Sasa nguo, na hapa mniache niseme kama fundi. Jinzi ibaki nyumbani. Ikilowa inakaa na maji, inavuta kiunoni, inang'ang'ania goti kila unapoinua mguu. Tafuta mitumba suruali nyepesi ya nailoni inayokauka haraka. Ipindue nje-ndani uangalie mshono wa kati ya mapaja: ukikuta uzi ni mmoja, peleka kwa fundi apitishe wa pili. Juu kule unaruka mizizi kwa hatua pana, na suruali hupasukia hapo hapo. Jaketi ya mvua ijaribu ukiwa umevaa sweta, isije ikagoma kufungwa. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kama digrii 6, kwa hiyo kileleni ni baridi kuliko mjini kwa digrii 10 na zaidi, bado hujahesabu upepo.

Buti za mpira za sokoni zinatosha kwa tope. Chukua namba moja juu ya yako, uvae soksi mbili.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Ondokeni alfajiri: mkifika Miti, hapo mnaiacha barabara ya Goma na kukata kushoto kupanda Tshivanga, kwenye kituo cha hifadhi. Mjini hadi Tshivanga ni kilomita kama 30. Mpatane mapema na dereva kama atawafikisha mpaka njia ya mguu inapoanzia. Chakula kiwe cha kuliwa baridi: mkate na fromaji (jibini) ya Masisi, ndizi, mayai ya kuchemsha. Maji yawe mengi.

Msitu wa chini una giza na unyevu. Ikifika mianzi, tazama unapokanyaga, maana majani yake makavu yanateleza kuliko tope lenyewe. Juu zaidi miti inakuwa mifupi na migumu, imening'iniza ndevu za kijivu kwenye matawi. Usizishike ukitafuta msaada, shika shina. Sokwe wakubwa, ngagi, wana ziara yao na kibali chao, lakini mkikutana nao njiani simama, nyamaza, fanya anachosema mlinzi. Usikimbie.

Kileleni, kama mmewahi, Ziwa Kivu liko upande wa mashariki. Pigeni picha kwanza, kula baadaye. Na mlinzi akisema tushuke, shukeni, hata kama kuna mtu bado anatafuta mtandao. Magoti yanaumia zaidi kwenye kushuka, kwa hiyo fimbo uliyoidharau asubuhi utaihitaji sasa. Acha soksi kavu ndani ya gari, na mvuke Miti kabla ya giza.