Kuepuka Viumbe Wasiokusudiwa: Namna Meli za Uvuvi Zinavyoweza Kushirikiana Takwimu

Meli ya kuvua kamba (uduvi wakubwa) inayoshusha wavu alfajiri katika Ghuba ya Ungwana, pwani ya Kenya, haina njia ya kujua kilichomo chini isipokuwa kwa uzoefu wa nahodha wake. Huenda meli nyingine iliyopita hapo jioni ya jana ilikwisha kujua, kwa gharama ya viumbe wasiokusudiwa, yaani kasa aliyenaswa na lundo la samaki wachanga waliorudishwa baharini wakiwa wamekufa, kwamba mahali hapo palifaa kuepukwa kwa siku kadhaa. Maarifa hayo hubaki ndani ya meli moja, na hasara ile ile hurudiwa na meli ya pili, na ya tatu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika tathmini iliyotolewa mwaka 2019, lilikadiria kwamba wavuvi duniani hutupa takribani tani milioni 9.1 za viumbe wa baharini kila mwaka, na kwamba karibu nusu ya kiasi hicho hutokana na nyavu za kukokotwa chini ya bahari.

Mwongozo huu unawalenga wenye meli, wasimamizi wa kampuni na wataalamu wa takwimu walioko Nairobi. Samaki wako mamia ya kilomita kutoka hapa, lakini wizara yenye dhamana ya uvuvi iko hapa, ofisi nyingi za mawakili na za watengenezaji wa programu ziko hapa, na mara nyingi ni katika vikao vya hapa ambako huamuliwa nani ataona takwimu za nani. Uamuzi huo, kama nitakavyoeleza, ndio unaookoa au kuua mpango mzima.

Lieleweke kwanza kwamba kushirikiana takwimu hakuchukui nafasi ya masharti yaliyopo. Mpango wa Usimamizi wa Uvuvi wa Kamba wa mwaka 2010 ulizitaka meli za kukokota zikae nje ya maili tatu za baharini, zivue mchana tu, ziwe na kifaa cha kumwezesha kasa kutoka wavuni, na ziache kuvua kuanzia Novemba hadi Machi. Takwimu za pamoja huanza kazi pale masharti hayo yanapoishia, ndani ya msimu na ndani ya eneo lililoruhusiwa, ambamo bado kuna mahali pazuri na mahali pabaya panapobadilika kila wiki.

Makubaliano yatangulie programu

Nairobi ina vijana wengi wanaoweza kutengeneza programu ya simu kwa muda mfupi, na kwa sababu hiyo kuna kishawishi kikubwa cha kuanzia huko. Nawasihi msianzie huko. Nahodha haogopi kujaza fomu. Anaogopa kwamba mahali alipogundua kamba wengi patajulikana kwa mshindani wake, na kwamba kasa aliyemwandika atageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Hofu zote mbili ni za haki, na hakuna programu inayoziondoa. Kinachoziondoa ni hati iliyosainiwa na kila mwenye meli kabla mkokoto wa kwanza (yaani wavu kushushwa, kukokotwa na kupandishwa mara moja) haujaandikwa.

Hati hiyo imtaje mtu wa kati atakayepokea takwimu ghafi, ambaye hana meli, hana hisa katika kampuni yoyote ya uvuvi, na hanunui samaki. Katika Bahari ya Bering, Marekani, vyama vya ushirika vya meli zinazovua samaki aina ya pollock viliipa kampuni ya Sea State kazi hiyo: huipokea taarifa ya waangalizi walioko melini, hukadiria ni wapi salmoni wasiotakiwa wananaswa kwa wingi, kisha hutangaza maeneo ya kuepukwa kwa muda. Kwetu mtu wa kati anaweza kuwa idara ya chuo kikuu au taasisi ya utafiti, mradi mkataba useme wazi kwamba takwimu ni mali ya aliyezitoa na kwamba yeye, kama mtunzaji, hana ruhusa ya kuzitumia kwa jambo lingine.

Hati itenganishe kinachotolewa kwa mtunzaji na kinachorudishwa kwa wanachama. Mtunzaji anahitaji uzito wa kamba katika kila mkokoto ili apige hesabu ya uwiano, lakini wanachama hawauhitaji hata kidogo. Wao warudishiwe tu daraja la wasiokusudiwa la kila mraba wa bahari: chini, wastani au juu. Mpango wa wavuvi wa kome aina ya skalopu mashariki mwa Marekani, ulioanza mwaka 2010 chini ya Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth, ulitumia madaraja ya aina hiyo ili kuepuka samaki bapa, na meli zilipokea ramani ya miraba bila kujua nani alivua nini. Yako maeneo ambako kanuni ya usiri ni kutotangaza mraba wowote uliovuliwa na meli chini ya tatu. Kwa kundi dogo la meli kanuni hiyo ingeficha karibu ramani yote, kwa hiyo naona ni afadhali kuficha uzito wa kamba daima, na kuonyesha kiwango cha wasiokusudiwa hata kama kimetoka kwa meli moja.

Yapo mambo matatu ya sheria ambayo wakili ayatazame mapema. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza washindani kupatana bei, kwa hiyo bei, majina ya wanunuzi na kiasi kilichouzwa visiingie kabisa katika mfumo huu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu taarifa yoyote inayomtambulisha mtu, na jina la nahodha au mahali simu yake ilipo ni taarifa ya namna hiyo. Tumieni namba ya meli, na jina libaki kwa mwajiri. La tatu ndilo zito zaidi. Kasa wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na mkataba wa kampuni binafsi hauwezi kuondoa wajibu wowote wa kisheria wa kutoa taarifa. Kaeni na mamlaka husika mpaka mpate maelezo ya maandishi kuhusu namna watakavyomchukulia nahodha aliyemnasa kasa kwa bahati mbaya, akamwachilia na kuripoti. Bila maandishi hayo, safu ya kasa katika fomu zenu itajaa sifuri, na sifuri hizo hazitakuwa na maana yoyote.

Cha kuandika katika kila mkokoto

Fomu iwe fupi kiasi cha kujazwa na mtu aliyesimama sitahani akiwa na mikono iliyolowa. Inatosha kuwa na namba ya meli, tarehe, saa na mahali wavu uliposhushwa, saa na mahali ulipopandishwa, kina cha maji, uzito wa kamba, uzito wa samaki wachanga kwa makadirio ya vikapu, na idadi ya kasa, papa na taa (samaki bapa wenye mkia mrefu) pamoja na hali waliyoachiliwa nayo. Kila mkokoto uandikwe, hata ule ambao haukuwa na kiumbe asiyekusudiwa. Mkokoto safi ndio unaoonyesha meli nyingine pa kwenda, na bila huo ramani itakuwa na maonyo tu.

Makosa yanayoharibu takwimu za namna hii ni machache na yanafahamika. La kwanza ni saa. Nahodha akiandika saa mbili, karani wa ofisini anaweza kuielewa kuwa saa mbili ya usiku wa manane kwa saa za Kizungu, ilhali mwandishi alimaanisha asubuhi. Fomu ilazimishe tarakimu nne za mfumo wa saa 24, na mabaharia wafundishwe hivyo kabla ya safari. La pili ni mahali. Bahari yote ya Kenya iko kusini mwa Ikweta, na alama ya kusini ikisahaulika, mkokoto wa nyuzi 2.5 utaangukia nchi kavu upande wa Wajir, jambo ambalo programu inaweza kulitambua na kulikataa papo hapo. Kosa la hatari zaidi ni lile lisiloonekana: nyuzi 2 na dakika 45 zikiandikwa 2.45 badala ya 2.75, mkokoto husogea maili 18 za baharini na bado unaweza kuonekana uko baharini. Chagueni mtindo mmoja wa kuandika na msiruhusu mwingine.

La tatu ni majina. Samaki mmoja huwa na jina hili Lamu na jingine Vanga, na mabaharia wa meli moja wanaweza kutoka kote kuwili. Chapisheni karatasi ngumu yenye picha na namba, ili kinachoandikwa kiwe namba ya picha. Ng'amba na aina nyingine za kasa watofautishwe ikiwezekana, lakini asiyejua aandike kasa tu kuliko kubahatisha.

Hesabu

Gaweni eneo katika miraba yenye herufi na namba, kama C4. Mraba usiwe mdogo kupita kiasi: meli inayokokota kwa saa mbili kwa mwendo wa noti tatu, yaani maili tatu za baharini kwa saa, hupita maili sita, na mraba wa maili moja ungedai uhakika ambao haupo. Mkokoto uhesabiwe katika mraba ulipo katikati yake.

Kiwango cha mraba ni jumla ya wasiokusudiwa ikigawanywa kwa jumla ya kamba, wala si wastani wa viwango vya meli mojamoja. Tuchukue mfano. Meli ya kwanza imepata kilo 200 za kamba na kilo 100 za samaki wachanga, yaani kiwango cha 0.5. Ya pili imepata kilo 10 za kamba na kilo 40 za wachanga, yaani 4. Wastani wa viwango hivyo ni 2.25, lakini jumla ni kilo 140 kwa kilo 210, yaani takribani 0.67. Anayetumia wastani ataufunga mraba huo kwa sababu ya mkokoto mmoja uliokosa kamba. Linganisheni kiwango cha mraba na kiwango cha kundi zima kwa wiki chache zilizopita, na msitoe daraja kwa mraba wenye mikokoto miwili mitatu tu.

Kasa hawaingii katika hesabu hiyo. Ni wachache mno kwa uwiano kuwa na maana, na kila mmoja ni jambo zito. Kasa mmoja akinaswa, onyo litoke siku hiyo hiyo kwa mraba husika na miraba inayopakana nao.

Kila onyo liwe na tarehe ya kuisha. Samaki wachanga hufuata maji: mito ya Sabaki na Tana ikifurika, matope na chakula husogea na samaki husogea navyo, na kinachonaswa wakati wa bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, kinaweza kutofautiana na cha wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Onyo la wiki tatu zilizopita linalobaki kwenye ramani humfundisha nahodha kudharau maonyo yote.

Kurudisha taarifa melini

Hapa ndipo mipango mizuri huchelewa. Taarifa iliyofika ofisini Nairobi ikapangwa vizuri kwenye jedwali na kujadiliwa Ijumaa haina faida kwa wavu unaoshushwa Jumanne. Lengeni kwamba mikokoto ya leo ijenge ramani ya kesho alfajiri. Ujumbe uwe maandishi mafupi yanayopita hata kwenye mawasiliano hafifu ya setilaiti au kusomwa kwa redio: "C4 juu hadi tarehe 14, C5 wastani, D2 kasa, epukeni." Ramani ya rangi ibaki kwa ofisi.

Je, onyo liwe ushauri au amri? Kundi lenye kuaminiana linaweza kuanza na ushauri, lakini ushauri mtupu huwaadhibu wanaoutii, kwa kuwa wanaondoka penye kamba na kumwachia asiyejali. Vyama vya Bahari ya Bering vililitatua hili kwa kupanga vyama vidogo katika madaraja: chenye kiwango chini ya asilimia 75 ya kiwango cha msingi (kiwango cha salmoni kilichowekwa kuwa kipimo) kiliruhusiwa kuendelea kuvua hata ndani ya eneo lililotangazwa, na chenye kiwango kilichozidi asilimia 125 kilizuiwa kwa siku saba. Naupenda utaratibu huo kwa sababu humpa nahodha makini kitu anachokithamini, yaani uhuru wa kuchagua pa kuvua. Nyuma yake kulikuwa pia na shinikizo la serikali, ambayo tangu mwaka 2011 imeweka kikomo cha salmoni aina ya Chinook kinachoweza kusimamisha uvuvi. Penye kikomo cha pamoja, kila meli ina sababu ya kutaka jirani yake avue vizuri.

Mashua ndogo zisiachwe nje, hasa zinazotumia jarife (nyavu za kutega zenye matundu makubwa) na mishipi mirefu ya ndoana nyingi. Hazihitaji fomu ya mkokoto. Simu moja kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo inatosha. Huko Watamu, wavuvi wamezoea kupiga simu kwa Local Ocean Conservation, shirika la kulinda kasa, wanapomnasa kasa, na kasa huyo huchukuliwa, hupimwa, huwekewa alama na kuachiliwa. Simu za namna hiyo zikiwekewa mahali na saa zinaweza kuingia kwenye ramani moja na za meli.

Kupima kama kazi inafanyika

Mwisho wa msimu, msilinganishe jumla za mwaka huu na za mwaka uliopita, kwani meli zikivua siku chache jumla hushuka zenyewe. Linganisheni viwango, kwa mwezi ule ule na kina kile kile. Wekeni fomu za mabaharia kando ya zile za mikokoto iliyokuwa na mwangalizi; kasa wakionekana tu mwangalizi anapokuwapo, tatizo liko kwenye imani na mrudi kwenye hati. Kisha tumieni vifaa vya kufuatilia meli kwa setilaiti kutazama kama meli zilihama kweli baada ya onyo, na zilihamia wapi. Meli zilizokimbia samaki wachanga zikaangukia penye papa na taa hazijapunguza madhara, na hesabu za miraba zinapaswa kuonyesha makundi hayo mawili kwa pamoja. Ikiwa meli zilihama kila zilipoonywa na bado viwango havikushuka katika mraba wowote, basi viumbe hao wametapakaa eneo zima kwa wakati huo wa mwaka. Takwimu mlizokusanya zipelekeni kwa wasimamizi wa uvuvi kama hoja ya kubadilisha matundu ya nyavu au kusogeza tarehe za kufunga msimu.