Mambo ya kuzingatia kabla ya mtihani wa Kiingereza wa darasa la mwisho

Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambao sisi Wakongomani tunauita Exetat, huchukua siku nne, na Kiingereza huja pamoja na Kifaransa katika siku ya lugha. Wewe unayemsaidia mdogo wako au mwanao hapa Lubumbashi, anza sasa.

Hakikisha kwanza kwamba anajua mtihani wenyewe ulivyo. Maswali ni ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyopangwa, na kwa Kiingereza yanahusu zaidi kifungu cha kusoma na sarufi. Hakuna riwaya ya kukariri. Madaftari ya muhtasari wa tamthilia yanayoletwa na binamu kutoka Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ambako fasihi ya Kiingereza ni somo lenye mtihani wake, yana faida yake, lakini si kwa kazi hii.

Maswali ya miaka iliyopita ayafanye kwa kufuata saa na bila kamusi. Taa ichajiwe mchana, kwa kuwa umeme wa jioni hauaminiki.

Sasa niseme jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Kwa miaka miwili nilikuwa na kikundi cha jioni huko Katuba, na kila mwanafunzi nilimwandikisha daftari la safu mbili, neno la Kiingereza upande wa kushoto na la Kifaransa upande wa kulia. Tulikariri kwa bidii, na nilidhani tumefika. Wiki mbili kabla ya mtihani niliwapa kifungu nilichokitunga mwenyewe, chenye sentensi hii: "Nine pupils sat the examination and six passed it," yaani wanafunzi tisa walifanya mtihani na sita wakafaulu. Swali liliuliza ni wangapi walioshindwa. Msichana mmoja, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, alichagua jibu la kwamba kifungu hakisemi. Nilimwita, nikamwomba anieleze. "Mwalimu, tisa waliketi, na sita wakafanya mtihani. Waliofaulu hawakutajwa." Alikuwa amelisoma neno "sat" kama kuketi, na "passed" kama "passer" ya Kifaransa, kwa maana "passer un examen" ni kuufanya tu mtihani, hata ukianguka. Hoja yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika daftari nililompa. Maswali matatu yaliyofuata yalitegemea sentensi ileile, naye aliyakosa yote. Usiku ule niliwakumbuka wale wa mwaka uliotangulia, walioingia katika chumba cha mtihani na daftari hilohilo kichwani, na mpaka leo sijui ni wangapi niliowapotosha.

Tulichokifanya katika zile wiki mbili ni kuongeza safu ya tatu, ya Kiswahili, na hilo ndilo ninalokuagiza ulifanye. Kiingereza na Kifaransa vina maneno mengi yanayofanana sura huku maana zikitofautiana, ilhali neno la Kiswahili kwa kawaida halifanani na lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo halimvuti msomaji kwenye kosa. "Library" ni maktaba, nayo "librairie" ni duka la vitabu. "Attend" ni kuhudhuria, si kungoja. "Actually" ni kwa kweli, si sasa hivi. "Eventually" ni hatimaye, si huenda. "Journey" ni safari, si siku nzima.

Katika sarufi pia Kiswahili kinasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Kifaransa kina "depuis" moja tu, lakini sisi tunasema "tangu Jumatatu" na "kwa siku tatu", na hapo ndipo "since" na "for" zinapoachana. Vilevile "amefika" na "alifika jana" hukaribia sana tofauti ya "has arrived" na "arrived yesterday", ambayo Kifaransa cha kila siku huifunika kwa umbo moja. Lakini usikitegemee kila mahali: katika "his" na "her", Kiswahili husema "wake" kwa wote wawili, na Kifaransa hufuata kitu kinachomilikiwa badala ya mwenyewe, kwa hiyo hapo ni mazoezi matupu, sentensi baada ya sentensi.

Mzoeze pia kusoma swali lote mpaka mwisho na kupigia mstari "not" na "except", kisha kulinganisha nambari ya swali na nambari ya mahali anapoandika jibu. Ukiruka moja, yote yanayofuata yanahama.

Anayeuza majibu kwenye simu usiku wa kuamkia mtihani asisikilizwe, hata akiwa jirani, na simu yenyewe ibaki nyumbani. Kitambulisho na kalamu mbili viwekwe mezani jioni. Anayetoka mbali aondoke mapema, kwa kuwa magari ya asubuhi hujaa. Na kama mtihani utaangukia Juni au Julai, avae sweta: asubuhi za kiangazi hapa Lubumbashi ni za baridi kali, na vidole vilivyokufa ganzi huandika polepole.