Faida ya chakula cha kilimo hai huanzia kwenye lundo la mboji

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu chakula cha kilimo hai, yaani kinacholimwa bila mbolea za chumvichumvi na kwa kuepuka dawa za kemikali za wadudu na magugu, ni la vitamini: je, kina vitamini nyingi kuliko chakula cha kawaida? Naona wanaouliza hivyo wameanzia mwisho. Kabla ya vitamini kuna mtu aliyebeba bomba la dawa mgongoni, kuna udongo ulioinywa dawa hiyo, na kuna kisima kilicho bondeni mwa shamba. Lakini kwa kuwa swali limeshaulizwa, tulimalize kwanza.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti zaidi ya 200 na kuona kwamba tofauti ya virutubisho kati ya vyakula hivyo viwili ni ndogo mno. Miaka miwili baadaye kundi jingine la watafiti, wengi wao wa Ulaya, lilipitia machapisho 343 na kukuta mazao ya kilimo hai yana antioksidanti zaidi, yaani zile kemikali za mmea zinazosaidia kulinda seli. Kwa hiyo kwenye virutubisho wataalamu bado wanavutana. Kwenye mabaki ya dawa hawavutani: pande zote mbili zilikuta viuatilifu kwa nadra zaidi katika chakula cha kilimo hai. Katika ule uchambuzi wa 2014, uwezekano wa kuyakuta mabaki hayo kwenye mazao ya kawaida ulikuwa mara 4 ya ule wa kwenye mazao ya kilimo hai. Kadimi nayo ilikuwa pungufu kwa wastani wa asilimia 48 kwenye mazao ya kilimo hai. Kadimi ni metali nzito inayokaa mwilini miaka mingi na kuumiza figo, na njia yake mojawapo ya kuingia shambani ni mbolea za fosfeti, kwa sababu mwamba unaochimbwa kuzitengeneza huwa nayo.

Saratani je? Mwaka 2018 utafiti uliofuatilia watu wazima karibu 69,000 nchini Ufaransa ulionyesha kwamba waliokula zaidi vyakula vya kilimo hai walipata saratani kwa kiwango kidogo. Ila mwaka 2014 utafiti wa wanawake zaidi ya 600,000 nchini Uingereza haukuona nafuu hiyo kwa saratani zikijumlishwa zote. Tena watu wanaonunua chakula hiki mara nyingi hujitunza kwa namna nyingine pia: hawavuti sigara, wanafanya mazoezi. Anayekuuzia mchicha kwa kukuahidi kinga ya saratani anauza maneno.

Sasa turudi kwa mwenye bomba. Mlaji hukutana na dawa kwa chembe, na nchi nyingi zimeweka kikomo cha chembe hizo. Mnyunyizaji hukutana nayo ikiwa nzito, kabla haijachanganywa na maji, kwenye kifuniko kisichoziba vizuri, kwenye shati lililolowa mgongoni, kwenye upepo uliogeuka ghafla. Shati hilo hurudi nyumbani na kufuliwa pamoja na nguo za watoto. Kopo tupu huoshwa na kuwekewa maji. Mtoto ndiye hudhurika zaidi, kwani kwa kila kilo ya uzito wake hunywa, hula na kuvuta hewa zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake bado unajengeka. Ukiniuliza ni nani anayefaidika kwanza na chakula cha kilimo hai, jibu langu ni aliyekilima na familia yake.

Upande wa mazingira, jaribio hili utalifanya mwenyewe. Chukua bonge la udongo, saizi ya ngumi ya mtoto, kutoka shamba linalolishwa mboji kila msimu. Chukua jingine kutoka shamba la jirani lenye udongo wa aina ileile, ambalo kwa miaka limepewa mbolea za chumvichumvi tu na kulimwa kila mara. Yaache yote yakauke kabisa, kisha yatumbukize taratibu katika glasi mbili za maji. Kwa kawaida lile la pili hububujika na kumomonyoka ndani ya dakika chache, maji yakawa tope. La kwanza hukaa, maji yakabaki karibu safi. Kinachoshikilia bonge hilo ni gundi ya vijidudu, nyuzi za kuvu na kazi ya minyoo ya ardhini. Glasi hizo mbili ndizo mashamba mawili siku ya mvua kubwa: moja linakunywa maji, jingine linayafukuza yakiwa yamebeba udongo wa juu.

Mbolea ya naitrojeni ikizidi mahitaji ya mmea, sehemu yake hushuka hadi majini kama nitrati, na sehemu hupaa kama naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 200 ya hewa ya kaboni kwa uzito uleule. Kilimo hai hakiko nje ya lawama hii, maana samadi iliyomwagwa kupita kiasi hufanya vilevile. Nchini Uswisi kuna jaribio lililoanza mwaka 1978 linalolinganisha kilimo hai na kilimo cha kawaida bega kwa bega. Matokeo ya miaka 21 ya mwanzo yalionyesha kilimo hai kikitoa mavuno pungufu kwa asilimia 20, huku mbolea na nishati vikipungua kwa asilimia 34 hadi 53, na viuatilifu kwa asilimia 97. Hayo mavuno pungufu tusiyafiche. Mkulima anayeambiwa hatapoteza kitu atarudi kwenye dawa msimu wa pili akiwa na hasira. Pengo hilo hupungua kwa mzunguko mzuri wa mazao, na jamii ya kunde ndani yake.

Ambalo sitachoka kulisema ni kwamba kuacha dawa peke yake hakufanyi shamba kuwa la kilimo hai. Hilo ni shamba lililotelekezwa. Kazi inaanzia kwenye mboji, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

Samadi mbichi hubeba vimelea vya kuharisha. Kanuni za Marekani za kilimo hai zinataka ipite siku 120 tangu samadi mbichi iwekwe hadi mavuno ya zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilougusa. Mboji iliyochemka vizuri haihitaji kusubiri hivyo, lakini lazima ichemke kweli: nyuzi 55 za Selisiasi au zaidi kwa siku 15, na lundo ligeuzwe mara 5 katika muda huo ili la nje lipate kuingia ndani. Panga majani makavu mengi, mabichi na samadi kwa tabaka, lundo lifike kimo cha mita moja au zaidi, maana dogo halishiki joto. Unyevu uwe kama wa sponji iliyokamuliwa.

Huna kipimajoto? Chomeka fimbo ndefu hadi katikati ya lundo, uiache robo saa, uichomoe na kushika ncha yake. Ikikufanya uiachie upesi, lundo linachemka. Ikiwa vuguvugu, pengine lundo ni kavu, limekosa samadi, au limebanwa likakosa hewa. Ikitoka na harufu ya yai bovu, maji yamezidi. Geuza na kuongeza makavu. Fimbo haisomi nyuzi, kwa hiyo kwa mboga zinazoliwa mbichi nunua kipimajoto au zingatia zile siku 120.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kitokacho kwenye mmea hakidhuru. Maji ya tumbaku yana nikotini, ambayo ni sumu kali hata ikipita kwenye ngozi, na sikushauri uyatumie. Dawa za kopa, yaani za madini ya shaba yanayozuia ukungu, zinaruhusiwa kwa kiasi katika kanuni nyingi, lakini kopa haiozi, hulimbikizana udongoni. Mwarobaini na pareto ni nafuu zaidi kwa mtu, na vyote viwili huvunjwavunjwa na jua, hivyo nyunyiza jioni. Jioni pia nyuki wamesharudi, na pareto haichagui kati ya nyuki na kidukari.

Acha ukanda wa miti au nyasi ndefu kati yako na jirani anayenyunyiza. Andika tarehe ya dawa ya mwisho iliyoingia shambani: Marekani inataka miaka 3 kutoka siku hiyo hadi mavuno ya kwanza yanayoweza kuitwa ya kilimo hai, na kwingineko muda hutegemea zao.

Nawe mlaji usiyepata chakula hiki, usipunguze mboga na matunda kwa hofu ya dawa, kwa sababu faida ya kuyala ni kubwa kuliko hatari ya mabaki. Yaoshe kwa maji yanayotiririka huku ukiyasugua. Jaribio moja la mwaka 2017 kwenye matufaha lilionyesha kwamba kuyaloweka kwenye maji yenye bikaboneti ya sodiamu (baking soda) kwa dakika 12 hadi 15 kuliondoa mabaki ya dawa mbili yaliyokuwa juu ya ganda, ingawa yaliyokwisha penya ndani yalibaki humo.

Na kama unanunua kwa mkulima mwenyewe, omba akuonyeshe lundo lake. Inama, chukua kiganja kimoja, unuse. Lililoiva linanukia kama udongo uliopata mvua ya kwanza, na huwezi kutambua lilikuwa jani gani. Linalonuka zizi bado halijawa tayari kwenda kwenye kitalu cha saladi.